Msifungue Kikapu

Mama alimpa Kiplagat mkono.

Nilikuwa mlangoni mwa sebule na trei ya vikombe, nikaona yote. Alitoka jikoni akipangusa viganja kwa leso, akapita katikati ya kuku, akampita Senge Dinah, dada yake Baba, aliyekuwa akichambua mboga, akaenda moja kwa moja hadi kwenye pikapu ya kuazima ambayo Kiplagat alikuwa anashuka. Akanyoosha mkono wa kulia.

"Karibu, Kiplagat," alisema. "Habari ya Kitale?"

Tena kwa jina! Vikombe viligongana kwenye trei.

Kwa mtu wa mbali hilo ni jambo dogo, tena la adabu. Lakini mimi nimezaliwa hapa Kamukuywa, kwa Wabukusu, na nilijua nimeona nini. Kwetu mwanamume anayetaka kuoa hagusani na mama wa msichana. Hawapeani mikono, hawaketi chumba kimoja, hawaitani majina. Wakikutana njiani, mmoja huingia kwenye mahindi mpaka mwenzake apite. Mama mkwe akikukimbia, jua amekupokea. Akikupa mkono, amekwambia mbele ya nyumba nzima kwamba wewe ni mgeni tu, kama yule anayeleta dawa ya ng'ombe. Kunywa chai, kisha urudi ulikotoka.

Na Kiplagat wangu, mtu wa Cherangani, aliupokea ule mkono kwa mikono yake yote miwili, akainama, akatabasamu mpaka ufizi ukaonekana.

"Edah!" aliniambia kwa sauti ya chini alipofika mlangoni. "Umeona? Wewe ulinitisha bure wiki nzima. Ati nisimkaribie, ati nisinyooshe mkono. Mama yako amevunja desturi kwa ajili yangu!"

"Ingia ndani."

"Ananipenda, bana."

"Kiplagat, ingia ndani."

Nilishindwa kumwambia. Kama ungeyaona macho yake asubuhi ile, yalivyong'aa kama ya mwanafunzi aliyeitwa jina lake mbele ya shule, wewe pia ungeshindwa.

Alirudi kwenye pikapu, akakibeba kikapu kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtoto mchanga, akakiweka kwenye kona ya sebule mbali na upepo wa mlango.

"Hiyo ni nini?" Baba aliuliza kutoka kwenye kiti chake. Baba yangu, Mzee Absalom, ni mtu wa maneno machache, na haya yalikuwa yake ya kwanza tangu salamu.

"Ni chakula cha mchana, Baba," Kiplagat alisema. "Kinaiva."

Baba alikitazama kikapu. Kilikuwa kikapu kikubwa cha matete. Hapakuwa na moto. Hapakuwa na moshi.

"Kinaiva," Baba alirudia, akaendelea na chai yake.

Kikapu kile kilikuwa wazo langu. Nilikuwa nimemaliza digrii yangu ya Sayansi ya Nyumbani mwaka uliotangulia, 1988, nikapata kazi ya kuwafundisha akina mama wa vijiji vya Kitale jinsi ya kupunguza kuni. Unachemsha chungu chako jikoni mpaka kitokote vizuri, unakifunika, unakitumbukiza ndani ya kikapu kilichojazwa majani makavu ya migomba na blanketi kuukuu, unaweka mto mnene juu, unafunga. Joto halina pa kutokea. Chakula kinaendelea kuiva polepole, saa baada ya saa, na wewe uko shambani au kanisani. Sharti ni moja tu: usifungue.

Na nyama ilikuwa wazo la Kiplagat. Mama alikuja Kitale mara moja kupimwa macho, nikampeleka hoteli ya Mzee Ngari, nyuma ya soko. Alikula nyama ya nguruwe ya pale, ile laini tamu inayochambuka nyuzi nyuzi kwa uma, yenye mchuzi mweusi mzito. Hakusema kitu. Lakini tangu siku ile, kila Kitale ikitajwa, Mama husema, "Huko hakuna kitu. Labda ile nyama."

"Basi tutampelekea ile nyama," Kiplagat alisema nilipomwambia Mama hataki kusikia jina lake.

Mzee Ngari hakukubali kutuambia anaipikaje. Tukaanza kutafuta wenyewe, kila Jumamosi, kwenye chumba cha mwalimu pale shuleni ambako Kiplagat anafundisha kilimo. Tuliweka siki, ikawa chachu. Tuliweka sukari nyeupe, ikaungua. Jumamosi moja nilileta bonge la sukari nguru kutoka kwa mama mmoja anayekamua miwa, tukalimenya kwa kisu, tukaliyeyusha na nyanya, tangawizi, vitunguu na pilipili. Kiplagat alionja, akafumba macho. Kisha akachovya kijiko tena, akakileta mdomoni mwangu polepole, mkono wake mwingine chini ya kidevu changu ili mchuzi usidondoke. Ilikuwa ndiyo yenyewe. Lakini mkono wake haukuondoka, na mimi sikuuondoa.

Kwa hiyo unaweza kuelewa nilivyojisikia nilipotoka kuosha vikombe nikamkuta Senge Dinah amepiga magoti kwenye kona, kichwa chote ndani ya kikapu.

"Senge! Hapana! Usifungue!"

"Nimeangalia tu, mayi."

"Ukifungua joto inatoka!"

"Joto gani? Hii kitu haina moto." Akanigeukia, mto mkononi. "Hebu niambie ukweli. Hii ni maombi ama ni uchawi?"

"Ni elimu, Senge."

"Aaa, elimu." Akarudisha mto juu chini. "Sasa hiyo elimu iko na chumvi?"

Nilifunga upya. Nikaenda kupika ugali. Niliporudi, Baba alikuwa amesimama juu ya kikapu, mfuniko wa sufuria umeinuliwa, mvuke wote unapanda kwenye miwani yake.

"Baba!"

"Nilidhani nimesikia panya," alisema, akarudi kwenye kiti chake bila kunitazama.

Nilifunga tena, nikakaza kamba. Nikamwambia Kiplagat, ambaye alikuwa ameketi kama picha kwenye kiti cha wageni, "Wewe kazi yako leo ni moja. Kaa hapa. Mtu yeyote asikiguse."

"Sawa, mpenzi. Nitakilinda kwa damu yangu."

Nilikuwa nimesonga ugali nusu niliposikia sauti ya Mama sebuleni. Alikuwa amekuja kuketi na mgeni! Mkabala naye, kwenye stuli, uso kwa uso.

"Unasema hii ndiyo nyama ya yule mzee wa Kitale?"

"Ni kama yake, Mama. Edah ndiye aliyegundua sukari."

"Hebu nione."

Niliacha mwiko ndani ya ugali, nikakimbia. Nilifika mlangoni wakati Kiplagat, mlinzi wa damu, anafungua kamba kwa vidole vyake mwenyewe, akiinua mto, akiinua mfuniko, huku akitabasamu kama bwana harusi. Mama alichovya uma, akadunga nyama. Uma ulisimama. Akaudunga tena. Nyama ilikuwa ngumu kama soli ya kiatu.

"Mm," Mama alisema. "Mukhisa wa Tongaren angeleta kuku." Akainuka, akaenda.

Mukhisa ana kinu cha kusaga mahindi Tongaren, na amekuwa akitajwa nyumbani kwetu tangu nimalize kidato cha sita.

Nilimshika Kiplagat mkono wa shati, nikamvuta hadi nyuma ya ghala la mahindi.

"Nilikwambia nini?"

"Edah, ni mama yako. Ameniomba. Ningemkatalia vipi?"

"Ungesema hapana! Neno moja! Wewe darasani unawanyamazisha watoto arobaini, lakini mama mmoja amekushinda?"

"Yule si mtoto wa kidato cha pili, bana. Halafu amenipokea vizuri hivyo, ameniketia karibu, ananiongelesha. Sikutaka kumvunja moyo."

"Hajakupokea!"

"Amenipa mkono."

"Ndiyo maana!" Nilimwachia shati. "Kiplagat, si nilikufundisha? Mama mkwe hampi mkwe mkono. Sasa yeye amekupa, amekuita kwa jina, amekuja kuketi mbele yako. Kila anapokukaribia anakwambia wewe si mkwe wake na hutakuwa. Kila mtu hapa anajua. Senge anajua. Kuku wanajua. Ni wewe tu unacheka!"

Nilijuta maneno hayo kabla hayajaisha. Tabasamu lilitoka usoni mwake polepole. Alitazama kiganja chake cha kulia, akakifuta kwenye suruali, kisha akaacha, kana kwamba ameona aibu kukifuta.

"Kumbe," alisema.

"Nisamehe. Sikujua nikwambie vipi."

"Kumbe tangu asubuhi." Alitazama mbali, kule mahindi makavu yalikosimama bila kuvunwa. "Basi unataka niende?"

"Sitaki uende! Nataka... sijui nataka nini. Nataka nyama iive. Nataka mtu mmoja katika nyumba hii aache kufungua kitu nilichofunga!"

Nikaanza kulia, na nilikasirika kwamba nalia. Kiplagat hakunikumbatia, maana tulikuwa nyumbani kwa Baba, lakini alisogea mpaka kivuli chake kikanifunika jua. Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia.

"Mkwe anaruhusiwa kuingia jikoni kwa mama mkwe?"

"Jikoni? Hata kuchungulia hawezi."

"Lakini mgeni tu, mtu wa dawa ya ng'ombe?"

"Huyo hakuna anayemzuia."

"Haya," alisema, na akaondoka kabla sijamwelewa. Aliingia sebuleni, akatoka na ile sufuria ameikumbatia kifuani, akavuka ua kwa hatua ndefu, akainama kwenye mlango mfupi wa jiko la Mama, akaingia.

Senge Dinah aliangusha ungo. "Uwi! Edah! Ameingia!"

Nilimfuata mpaka kizingitini. Nikasimama hapo, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Mama alikuwa kando ya mafiga, mwiko wangu mkononi, akiokoa ugali niliouacha.

"Unatafuta nini huku?" alimuuliza.

"Naomba moto, Mama. Nyama imepoa, haitaiva bila kuchemshwa upya."

"Wanaume wa kwenu wanaingia jikoni?"

"Hawaingii. Lakini Edah ameniambia maana ya ule mkono wa asubuhi."

Mwiko ulisimama. Mama alinitazama mlangoni, nikatazama chini.

"Amekwambia."

"Ameniambia. Nimeumia, siwezi kukudanganya. Lakini nimefikiri. Kama mimi si mkwe, hakuna kinachonizuia kukaa hapa tukaongea. Ningekuwa mkwe nisingeuona hata uso wako. Kwa hivyo niulize kitu chochote unachotaka kujua, Mama. Ukinikubali baadaye, hutapata nafasi hii tena."

Kuni zililia motoni. Nilishika mwimo wa mlango. Nilimjua Mama, mtu aliyemjibu hivyo mara ya mwisho alikuwa kaka yangu, na alilala bila chakula.

Mama alisukuma kigoda kwa mguu.

"Kaa. Hizo kuni ni mbichi. Chukua zile za nyuma."

Kiplagat aliweka sufuria juu ya mafiga, akapuliza moto mpaka machozi yakamtoka. Mama alimwacha apulize.

"Huyu msichana hajui kusonga ugali wa watu wengi," alisema.

"Najua, Mama. Nimeula."

"Mimi niko hapa!" nilisema.

"Tunajua uko hapo," Mama alisema bila kugeuka. "Nenda ukamfunge ndama."

Sikwenda. Ndama alikuwa amefungwa.

"Akiugua huko kwenu," Mama aliendelea, "atamwambia nani? Kwa lugha gani?"

"Ataniambia mimi. Na mama yangu ameanza kujifunza Kibukusu kwa jirani. Sasa anajua kusalimu, 'mulembe'."

"Mulembe haiuguzi mtu."

"Haiuguzi."

"Nina binti mwingine. Dada yake huyu. Aliolewa Pwani na mtu mzuri, simlaumu. Nilipata habari ya mjukuu wangu wa kwanza wakati tayari ameota meno." Mama alikoroga kitu ambacho hakikuhitaji kukorogwa. "Meno, Kiplagat. Watu waliniuliza anafanana na nani, nikakosa la kusema. Ndiyo sababu namtaka Mukhisa. Si kinu. Tongaren nafika kwa miguu."

Sikuwahi kumsikia akisema hivyo. Miaka yote nilidhani ni kinu.

Kiplagat alipuliza moto tena. Mchuzi ulianza kutokota, harufu ya sukari nguru na tangawizi ikajaa jikoni.

"Nimepata kipande cha shamba Kiminini," alisema. "Karibu na barabara. Nilitaka kumwambia Edah leo, tukimaliza kula. Si Cherangani. Kutoka hapa ukipanda gari asubuhi, unaweza kumnyoa mjukuu wako na kurudi kukamua ng'ombe jioni."

Nilisahau kwamba sikutakiwa kuwa pale. "Kiminini? Kiplagat, tangu lini?"

"Tangu uliposema unapenda kuuona Mlima Elgoni asubuhi ukifungua dirisha."

Alisema bila kugeuka, kwa sauti ya kawaida, akisukuma kuni ndani. Kama Mama hangekuwepo ningeingia nikamkumbatia na moshi wake wote. Mama alinitazama, akamtazama yeye, akatazama sufuria.

"Na nikikataa leo?" aliuliza.

"Nitarudi na kikapu kingine."

"Na hicho nikikikataa?"

"Mama, mimi ni mwalimu wa kilimo. Nguruwe ninao."

Mama alitoa sauti fulani puani. Kwa mtu mwingine ungesema ni kikohozi. Kisha akamuuliza mengine, moja baada ya jingine, kama mtu anayevuna kabla mvua haijafika: baba yake anakunywa? Dada zake wamesoma? Anakasirika vipi, kwa kelele au kwa kununa? Kwa kununa, alikiri. Kanisa gani? Hii nyama unaweka tangawizi kabla au baada ya vitunguu? Alijibu yote. Na nyama ilipotokota vya kutosha, Mama mwenyewe aliishusha, akaipeleka sebuleni, akaitumbukiza kikapuni. Akavua leso yake kiunoni, akakizungushia kikapu na kukifunga fundo ambalo hata mimi nisingeliweza.

"Dinah," alisema, "Absalom. Atakayegusa hii kitu leo atakula ugali kwa chumvi."

Baba alivuta gazeti mbele ya uso.

Tulingoja. Jua liliondoka kwenye kizingiti, likavuka ua. Senge Dinah alipita karibu na kikapu mara nyingi kuliko kazi zake zilivyohitaji, lakini mikono aliifunga nyuma. Tulipofungua hatimaye, hatukuhitaji kisu. Niliweka uma mbili, nikavuta, na nyama ikaachana nyuzi nyuzi kama uzi wa sufu. Nilikausha mchuzi motoni mpaka ukawa mzito na mweusi, nikaumimina juu. Baba alikula sahani moja, akaisukuma mbele ijazwe tena. Senge alisema kwamba kama hii ni elimu, yeye pia anajiandikisha.

Lakini kiti cha Mama kilikuwa kitupu.

"Mama yako yuko wapi?" Baba aliniuliza. "Asubuhi alikuwa ameganda hapa."

Nilienda jikoni. Sahani yake haikuwepo. Nilizunguka nyumba, sikumwona. Nilidhani amekwenda kwa jirani ili asimuage, nikaona siku yote imeharibika, Kiminini na kikapu na vyote.

Kiplagat alikuwa anapaswa kurudisha pikapu kabla ya giza. Alisimama uani, akafunga vifungo vya koti. "Siwezi kuondoka bila kumshukuru," alisema. "Hata akinipa mkono tena, nitaupokea. Sasa najua maana yake, lakini nitaupokea."

Akazunguka pembe ya jiko, mkono wa kulia tayari mbele. Mimi nyuma yake.

Mama alikuwa amechuchumaa ukutani, upande wa migomba, sahani magotini, anafuta mchuzi wa mwisho kwa kidole. Aliinua macho, akamwona. Alishtuka kama mtu aliyemwagiwa maji. Akavuta kitambaa cha kichwa mpaka kikafunika uso, akainuka na sahani yake, akakimbia. Mama yangu, mwenye magoti mabovu, alikimbia moja kwa moja ndani ya migomba, majani yakafunga nyuma yake.

Kiplagat alibaki amenyoosha mkono hewani.

"Edah," alisema, "sasa nimemkosea nini?"

Nilitaka kumjibu, nikashindwa kwa kicheko na machozi yaliyokuja pamoja. Niliushika ule mkono wake, nikaushusha mimi mwenyewe, na nilipouachilia alikuwa ananitazama, na nikaona anaanza kuelewa. Tabasamu lilikuja usoni kidogo kidogo, safari hii bila meno, bila haraka. Akarudi nyuma hatua, kisha nyingine, akageuza mgongo kwenye migomba kwa heshima, kama nilivyomfundisha.

"Edah!" Sauti ya Mama ilitoka kwenye majani.

"Naam, Mama!"

"Mwambie huyo mtu kikapu kinabaki hapa."

Kiplagat alisafisha koo. Alikuwa amesikia kila neno, na Mama alijua amesikia. Lakini alinigeukia mimi, akasema polepole:

"Mwambie nimesikia. Na mwambie tangawizi ni kabla ya vitunguu. Kule jikoni nilikosea kumjibu."

Majani yalitikisika migombani.

"Mwambie nilijua," Mama alisema.